Kiingereza cha Juu ya Paa

Sogea hapa karibu, nikutege. Ukikiazima kwa jirani hukirudishi, na jirani hapungukiwi. Ukiwa nacho kidogo unakitembeza barabarani watu wakione. Ukiwa nacho kingi unasahau kwamba unacho. Kitu gani?

Moto? Umekaribia, mjukuu wangu, maana kaa la moto kweli huazimwa na jirani akabaki na moto wake. Lakini nani hutembeza moto barabarani ili asifiwe? Jaribu tena. Wimbo? Wapi! Umeshindwa, basi nipe mji. Umenipa Chicago? Naupokea kwa mikono miwili, maana nimekaa huko mpaka magoti yangu na baridi tukajuana kwa majina. Jibu lake ni lugha ya watu. Na kwa kuwa mji umeutoa mwenyewe, kaa nikusimulie habari za Leobardo na Nereida, uone lugha ya watu ilivyowakutanisha, na ilivyowafanya baadaye.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, theluji imegeuka tope jeusi kando ya Mtaa wa Ishirini na Sita. Nyumba ya kufulia ilikuwa imefurika. Mashine zinanguruma, watoto wanasukumana ndani ya vikapu vya magurudumu, televisheni juu ukutani inapiga kelele za mpira, na mlangoni mama mmoja anauza tamales za moto, unga wa mahindi uliofungwa kwa maganda yake, kutoka kwenye ndoo iliyofunikwa blanketi. Harufu ya sabuni na harufu ya mahindi zinagombania pua yako.

Katikati ya fujo hiyo alisimama Nereida, mwanamke mwembamba wa kutoka Guerrero kule Meksiko, koti la zambarau, nywele zimesukwa msuko mmoja unaofika kiunoni. Alikuwa anaipiga mashine kwa kiganja. Mlango wake ulikuwa umegoma kufunguka, na ndani kulikuwa na sare ya shule ya binti yake Citlali, wa miaka saba, aliyesimama pembeni akiramba pipi kama mtu aliyekuja kutazama sinema.

"Dada, hata ukiipiga mateke haifunguki," sauti ikasema nyuma yake. "Hizi zinataka kubembelezwa."

Nereida akageuka. Akaona jamaa mnene, mabega kama mlango, buti za ngozi zinang'aa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata jibini. Wanaume wa Durango, jimbo jingine la Meksiko alikotoka yeye, ndivyo walivyo, hata kufua wanakwenda kama wanakwenda harusini.

"Basi ibembeleze wewe, kaka."

"Haijui Kihispania."

"Ala! Na wewe unakijua chake?"

Swali hilo lilimfikia Leobardo pale pale wanaume wanapowashwa. Akatoa simu, akapiga namba iliyobandikwa ukutani, akaanza kumwaga Kiingereza kama mtu anayemimina mahindi kutoka guniani. Akacheka, akanuna, akapandisha sauti, akaishusha. Punde mwenye mashine akatoka mbio chumba cha nyuma, ufunguo mkononi, anaomba radhi.

"Umemwambia nini?" Nereida akauliza huku akivuta nguo zilizolowa.

"Nimemwambia kuna malkia hapa amefungiwa taji lake."

"Mwongo wewe!"

"Nusu yake kweli. Sikutaja taji."

"Mama," Citlali akasema, pipi bado mdomoni, "anko anaongea kama watu wa kwenye televisheni."

"Kumbe mtoto ana akili," Leobardo akasema. "Kairithi wapi?"

"Kwangu. Kwa baba yake karithi visigino tu, vya kukimbilia."

Leobardo alicheka mpaka mama wa tamales akageuka kutazama. Na Nereida, ambaye hakuwa amecheka na mwanamume tangu yule mwenye visigino aondoke, akajikuta anaangalia chini ili meno yake yasionekane yote.

Basi simu zikaanza. Leobardo alikuwa msimamizi wa mafundi wa kuezeka, na simu zake nyingi alizipiga kutoka juu ya mapaa ya watu.

"Halo, kimbaumbau wangu."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita hivyo?"

"Upepo. Niko juu hapa, unavuma wa ziwani, nikakuwaza. Nikasema yule akikata kona leo bila mawe mfukoni, tutakwenda kumwokota mji wa pili, Milwaukee."

"Na wewe, bonge, shuka upesi. Wenye nyumba bado wanalihitaji paa lao."

Nereida alikuwa fundi wa kushona shanga katika duka la magauni ya mabinti wanaosherehekea kutimiza miaka kumi na mitano, desturi ya kwao. Siku nzima alikaa amezungukwa na vitambaa vya waridi na vya samawati, sindano kwenye kola, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Wenzake wakamwonea gere ya utani. "Leo shanga umezishona upande, Nere. Bonge kapiga simu nini?"

Jioni Leobardo alikuja na mahindi ya kuchoma au mkate mtamu, akakaa jikoni, akasoma barua. Barua za umeme, za mwenye nyumba, za zahanati. Palipohitajika kupiga simu alipiga, akaongea kile Kiingereza chake cha mahindi na gunia, na mambo yakanyooka. Majirani nao wakaanza kuleta barua zao. Nusu ya mtaa ule ikawa inasomewa na Leobardo.

Siku moja, baada ya yeye kumaliza kubishana na watu wa umeme, Nereida alimwekea kikombe cha uji wa mahindi wenye mdalasini, akasema polepole, "Nikikusikia unaongea nao, nahisi kama mtu aliyesimama siku nzima, halafu akapata ukuta wa kuegemea."

Leobardo akaubusu mkono wake uliochomwa na sindano. Maneno yale yalimwingia. Mtu akikuita ukuta, tangu hapo unaogopa kutingishika.

Sasa nikwambie ambalo Nereida hakulijua. Kiingereza cha Leobardo kilikuwa Kiingereza cha juu ya paa. Alikiokota ngazini, kwa Wapolandi na Waairishi aliofanya nao kazi. Alijua msumari, ubao, mvua inakuja, shika hapo, angalia mguu, lini utalipa. Alijua kutania na kujua kutukana. Kwa bili na kwa mashine zilizoharibika kilimtosha. Lakini shule aliiacha mwenyewe akiwa darasa la nne kule Durango, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuzungumza naye habari za shule kwa Kiingereza. Juu ya paa hakuna mitihani.

Mwezi wa tano shule ya Citlali ikamwita mama yake. Nereida alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, akabeba mfuko wa mkate mtamu kwa ajili ya mwalimu, kama anavyofanya mtu aliyelelewa akalelewa. Leobardo akaomba ruhusa kazini, akaja na shati la pasi.

Mlangoni karani akawaeleza, kwa Kihispania cha kuokoteza na vidole vingi, kwamba mkalimani wa shule alikuwa mgonjwa siku hiyo. Wangeweza kusubiri mpaka Alhamisi.

"Hakuna haja," Leobardo akamjibu kwa Kiingereza, mkono begani kwa Nereida. "Mimi nipo."

Wakaketishwa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti ya Leobardo yakamfikia kifuani. Mbele yao mwalimu, na mabibi wawili na bwana mmoja ambao hawakuwajua. Wakaanza kuongea. Leobardo akasikia mtoto. Akasikia kusoma. Akasikia msaada, darasa dogo, basi, mwezi wa tisa. Maneno mengine yalipita juu ya kichwa chake kama ndege inayoshuka uwanja wa Midway: unaliona tumbo lake, hujui imebeba nani.

Akafungua mdomo aseme, samahani, simameni kidogo, hapa sijaelewa. Ni maneno mepesi hayo, kwa Kiingereza aliyajua vizuri kabisa. Akamtazama Nereida. Nereida alikuwa anamtazama yeye, uso umetulia, macho yameegemea.

"Wanasema nini?"

"Wanasema... Citlali atasaidiwa kusoma. Atapata darasa dogo, si hili la kubanana. Mwezi wa tisa ataanza. Hata basi litamfuata mlangoni."

"Basi? Mlangoni kwetu?"

"Mlangoni, kimbaumbau wangu."

Machozi yakamlenga Nereida. Akafanya kile ambacho yeyote wa kwao angefanya, maana kwao mwalimu ni mzazi wa pili, na mzazi wa kwanza hambishii. Alisimama, akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mwalimu, nakuachia. Wewe ndiye unayejua."

Hilo Leobardo alilitafsiri vizuri sana.

Mmoja wa wale mabibi hakutabasamu. Aliuliza kitu, akimtazama Nereida usoni badala ya Leobardo. Akauliza tena, polepole zaidi. Leobardo akaitikia kwa kichwa na kujibu ndiyo. Nereida, kwa kuona wote wanaitikia kwa kichwa, naye akaitikia. Akapewa kalamu, akaweka sahihi yake ya herufi za duara.

Kiangazi kile, mjukuu wangu, kilikuwa kitamu. Jumapili walikwenda ufukweni mwa ziwa, Citlali katikati yao, wakila mahindi yaliyopakwa pilipili mpaka midomo ikawaka. Citlali alikuwa na mchezo wa kusoma kila bango la Kihispania mtaani kwa sauti ya mtangazaji: duka la nyama, kinyozi, fundi viatu, wakili wa talaka.

"Hilo la talaka liruke," Leobardo akamwambia. "Mama yako na mimi bado hatujafunga ndoa."

"Kwani mnafunga?"

"Muulize yeye. Mimi nilishauliza, akasema anafikiria."

"Nimemaliza kufikiria," Nereida akasema, anafuta pilipili kwenye kidevu cha mtoto, hata hakuinua macho. "Desemba. Ila ukija na buti hizo kanisani, nakurudisha mlangoni."

Akaanza kushona gauni lake mwenyewe, jeupe, kwa mabaki ya shanga za dukani. Wenzake wakamchekea, wakamsaidia.

Mwezi wa tisa basi likaja. Lilisimama mlangoni kama Leobardo alivyosema, la manjano, fupi kuliko mengine. Citlali akapanda akipunga mkono. Nereida akasimama barazani na moyo mzuri.

Lakini basi halikwenda shule ya mtaani. Lilivuka mfereji, likavuka reli, likampeleka shule nyingine, ambako Citlali hakumjua mtu. Darasa lilikuwa dogo kweli. Lilikuwa la watoto ambao kujifunza kwao kulikuwa kugumu tangu kuzaliwa. Watoto wazuri, na mwalimu wao mpole. Mmoja hakuongea kabisa lakini alimshika Citlali mkono siku nzima. Ila hapakuwa pake. Walipompima walimpima kwa Kiingereza, mtoto aliyefundishwa kusoma na mama yake jikoni kwa Kihispania, na Kiingereza chake bado kilikuwa cha kuchezea tu.

Siku za kwanza hakusema. Halafu akaacha kusoma mabango. Jioni moja Nereida alikuwa anamchana nywele, akasikia:

"Mama, mimi nilikosa nini?"

"Ulikosa nini wapi, mwanangu?"

"Wenzangu wote wako shule ile. Mimi tu nimefukuzwa."

"Nani kakufukuza? Hii ni ya kukusaidia kusoma."

"Hatusomi. Tunapaka rangi picha ya bata. Nimemwambia mwalimu najua kusoma." Akachezea vidole vyake. "Lakini nimemwambia kwa Kihispania."

Kitana kikabaki kimesimama kwenye nywele.

Kesho yake Nereida hakwenda dukani. Alikwenda shule ya zamani, na safari hii mkalimani alikuwepo: Bi Eduviges, mama wa Puerto Riko, miwani inaning'inia kifuani kwa mkufu. Bi Eduviges alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akaingia ndani kuuliza, akatoka bila haraka.

"Mama Citlali, kaa."

"Nitasimama."

"Walisema vipimo vimeonyesha mtoto ana upungufu wa kujifunza. Wakasema wangependa ahamie darasa maalumu, shule nyingine. Wakakueleza kwamba una haki ya kukataa. Na kwamba unaweza kuomba apimwe upya kwa Kihispania kabla ya lolote. Waliuliza mara mbili kama umeelewa hilo. Ukakubali."

"Mimi nilikubali?"

"Aliyekutafsiria ndiye aliyejibu. Wewe ukaitikia kwa kichwa."

Nereida akakaa.

Leobardo alifika jikoni baada ya saa za kazi kwisha, lami ya paa bado iko kwenye kucha, mfuko wa mkate mkononi. Akamkuta amesimama karibu na jiko lisilowashwa, koti bado mwilini.

"Kulikoni, mpenzi? Nani kafa?"

"Waliniambia naweza kukataa."

"Nani?"

"Shuleni. Waliniuliza mara mbili. Ukawajibu ndiyo. Mwanangu wanampakisha rangi bata, Leobardo. Anadhani amefukuzwa. Anadhani ana kosa."

Leobardo akaweka mkate mezani. Uso ukampauka, kwa sababu ndio kwanza na yeye anasikia alichokisikia mwezi wa tano.

"Nijibu moja tu, sitauliza jingine," Nereida akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, hiyo ya hatari. "Ulielewa ukanificha, kwa kuniona mimi ni mtu wa kulia, mtu asiyeweza kuamua la mtoto wake? Au hukuelewa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini nyuma ya neno hilo Leobardo aliona barua zote za mtaa ule, simu zote, watu wote waliomwita kaka tusomee, na macho yale yaliyoegemea. Akaona ukuta mzima unashuka chini. Akaivua kofia yake, akaitazama. Akaitazama sana.

"Leobardo."

Akaigeuza kofia upande wa pili.

"Basi ulinificha," Nereida akasema. "Mtu asiyeelewa husema sikuelewa, halina ugumu. Ulikaa pale ukanichagulia. Wewe si baba yake, ukanichagulia." Akamfungulia mlango. "Chukua na mkate wako."

Akauchukua. Ndiyo, alishuka ngazi na mkate mkononi, mtu mzima, mabega kama mlango. Ukiniuliza mimi, aliona heri aitwe mwongo kuliko aitwe asiyejua. Mwongo bado ni mtu mwenye kitu cha kuficha.

Gauni jeupe Nereida alilifumua, shanga akazirudisha kwenye makopo ya duka. Wenzake hawakumtania siku hiyo. Leobardo akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

"Kimbaumbau..."

"Jina langu unalijua."

"Nereida, nataka kukueleza..."

"Swali langu unalijua pia. Una jibu lake?"

Upepo tu ukasikika kwenye simu, maana alikuwa juu ya paa. Nereida akakata.

Kulikuwa na darasa la Jumamosi asubuhi katika maktaba ya mtaa, la Kiingereza cha wazazi, cha kuzungumzia mambo ya shule. Leobardo aliliona tangazo mlangoni, akalipita, akarudi. Ndani kulikuwa na akina mama watupu, na mwalimu kijana wa Kipolandi aitwaye Bronia. Akakaa kiti cha nyuma, kofia magotini.

"Kaka, wewe wako yuko darasa la ngapi?" mmoja akamuuliza.

"Sina mtoto."

"Sasa umefuata nini huku, mke?"

Kicheko kikazunguka chumba.

"Mwacheni," mwingine akasema. "Akitafuta mke hapa atapata na vikao vya wazazi juu yake."

Na yeye akacheka, ila hakuondoka. Kila Jumamosi mwalimu Bronia aliandika maneno ubaoni, wakayasema pamoja. Neno la kukariri darasa. Neno la utoro. Neno la ada, la ruzuku, la kupimwa. Kwa wale akina mama yalikuwa maneno ya kesho, ya vikao vinavyokuja. Kwa Leobardo yalikuwa ya siku iliyokwisha pita. Likiandikwa neno la kupimwa, sauti ya yule bwana wa mwezi wa tano ikaamka kichwani mwake na sentensi yake nzima, na safari hii ikamfungukia. Likiandikwa neno la upungufu, akamwona mwalimu wa Citlali anaangalia pembeni alipolitamka. Ile siku ikawa inarudi kwake kipande kwa kipande, na kila kipande kina mtoto ndani.

Jumamosi moja Bronia aliandika neno la kukataa, akaandika la haki kando yake, akawaambia waseme swali zima: je, unaelewa kwamba una haki ya kukataa? Akina mama wakalisema kwa pamoja, kwa sauti kama ya kanisani. Lilikuwa lile lile. Ndilo yule bibi aliloliuliza mara mbili, polepole, akimtazama Nereida usoni.

Leobardo akatoka nje. Wakamkuta amesimama karibu na baiskeli, kofia imefunika uso. Yule mama aliyemtania akamletea kahawa, wala hakuuliza kitu.

Nereida hakuwa amekaa kimya. Alikwenda ofisi hii na ile na Bi Eduviges, akadai mtoto apimwe kwa Kihispania. Citlali akapimwa, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, halafu akauliza kama kuna mwingine. Lakini sahihi ya mama ilikuwepo, na mwaka ulikuwa umeanza. Wakubwa wakasema watakaa kikao, wasikilize ile idhini ilivyotolewa.

Kwa hiyo simu ya Leobardo ikaita, naye akaona jina ambalo hakulitegemea.

"Sikukupigia kwa ajili yangu," Nereida akasema. "Mimi na wewe yamekwisha, usijipe moyo. Nakuomba kwa ajili ya Citlali. Bi Eduviges atakwambia."

Bi Eduviges akaishika simu, akamwambia bila kuzunguka. "Kijana, ukisema hukuelewa siku ile, basi na mama hakuelewa, na idhini haipo. Mtoto anarudi shule yake Jumatatu. Ukisema ulielewa ukamficha mwenzio, watasema huo ni ugomvi wa nyumbani kwenu, si wao. Ukinyamaza, mtoto atabaki huko mpaka mwaka uishe."

"Na mkutano huo ni wa wazi?"

"Wa wazi. Wazazi watakuwepo, wa mtaa wenu wengi. Kwa nini?"

"Basi tu," Leobardo akasema.

Siku yenyewe theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, nyembamba, inayeyuka kabla ya kugusa lami. Ukumbini Leobardo akawaona: jirani wa ghorofa ya chini ambaye yeye alimsomea barua ya uhamiaji, mzee wa duka la viatu, mama wa tamales. Wote wakampa mkono, kaka Leobardo, umekuja kutusaidia na Kiingereza? Akina mama wa Jumamosi nao walikuwepo, mstari mzima. Citlali alikaa karibu na mama yake, miguu inaning'inia. Zamani angemkimbilia amuulize anko kaleta nini. Alimtazama mara moja, akarudi kwenye vidole vyake. Hilo lilimuuma kuliko yote ya mama yake.

Nereida alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Amekonda zaidi. Hakumtazama.

Mwenyekiti, mama wa nywele za kijivu, akaliita jina la Leobardo akiliponda kidogo, akamwonyesha kiti cha mbele, Bi Eduviges kando yake. Kisha akamuuliza kwa Kiingereza. Je, siku ile, maneno yaliyosemwa kuhusu vipimo, kuhusu darasa maalumu, kuhusu haki ya mzazi, uliyaelewa?

Leobardo alilielewa kila neno. Vipimo, darasa, haki, mzazi. Yote aliyajua sasa, angeweza hata kuyaandika. Kiingereza kilimjaa mdomoni, safi, cha kumtoa kimasomaso mbele ya mtaa mzima. Hakukitumia. Alimngoja Bi Eduviges amtafsirie mpaka mwisho, kama mtu mwingine yeyote. Nyuma yake mzee wa viatu akakohoa, akaacha.

Akageuza kiti, miguu yake ikakwaruza sakafu, akawapa wakubwa mgongo. Nereida akainua macho.

"Nilisikia mtoto, kusoma, basi," akamwambia kwa Kihispania, mtaa mzima ukisikia. "Yaliyobaki niliyatunga. Hukufichwa kitu, Nereida, sikuwa nacho cha kukuficha. Sikuelewa."